Yaka inaisha haraka: jinsi ya kumpata mla uniti

Mita ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla nchini Uganda, ikianza kukimbia, watu wengi hulaumu friji, wengine humshuku jirani, na wapo wanaomwita fundi abadilishe nyaya kabla kitu chochote hakijapimwa. Anza na daftari. Kila siku saa moja jioni andika uniti zilizobaki kwenye kioo cha mita, na pembeni andika ulizoongeza siku hiyo. Za jana, jumlisha ulizoongeza, toa za leo: hayo ndiyo matumizi yako ya siku. Siku saba zinatosha kukuonyesha mwendo. Hesabu uniti, usihesabu shilingi.

Shilingi hupotosha kwa sababu bei ya uniti ya nyumbani Uganda haikai mahali pamoja mwezi mzima. Uniti 15 za kwanza za mwezi ni za bei nafuu. Zinazofuata ni za bei kamili. Tangu 2022 kuna pia bei ya upishi: kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 bei hushuka, kisha hupanda tena. Mamlaka ya umeme, ERA, huzipitia bei hizi kila robo mwaka, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo shilingi 20,000 za tarehe 1 na shilingi 20,000 za tarehe 20 huenda zisilete uniti sawa, wala hakuna aliyeiba. Fungua ujumbe wa tokeni uusome wote, usiishie kwenye namba ya kubonyeza. Angalia pia kama kuna deni linalokatwa. Aliyehamia nyumba ya kupanga anaweza kukuta analipa deni la aliyemtangulia, kidogo kidogo, kila anaponunua. Ukiona hivyo, peleka mkataba wako wa upangaji UEDCL, ambao ndio wanaosambaza umeme tangu Aprili 2025, uulize deni ni la nani.

Kama uniti zenyewe ndizo zimeongezeka, nenda kwenye swichi kuu. Zima kila kitu ndani, chomoa plagi zote, halafu zima swichi kuu yenyewe. Sasa itazame mita. Ina kitaa chekundu kinachomweka kadiri umeme unavyopita. Ngoja dakika kumi. Kisipomweka, mlaji yuko ndani ya nyumba yako. Kwenye mita nyingi kitaa hicho hubaki kimewaka bila kumweka pale ambapo hakuna kinachotumika, kwa hiyo usishtuke. Kikiendelea kumweka wakati swichi kuu imezimwa, umeme unapotelea kati ya mita na swichi: waya umechubuka, mtu amejiunganisha hapo, au mita ni mbovu. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kibao cha kubonyezea tu, andika uniti zilizobaki pamoja na desimali zake, zima swichi kuu kwa saa tatu, kisha soma tena. Hazitakiwi kupungua.

Sasa washa swichi kuu, lakini breka zote ziwe chini. Pandisha moja, tazama kitaa, ishushe, pandisha nyingine. Hapa mita yenyewe inageuka kuwa kipimo. Usoni mwake pameandikwa 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh, au namba nyingine. Hiyo ni idadi ya mimweko katika uniti moja. Shika saa ya simu, hesabu sekunde kutoka mweko mmoja hadi mwingine. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati. Sekunde 36 ni wati 100; sekunde 2 ni wati 1,800. Kwa mita ya 1600, gawanya 2,250. Ukipandisha breka ya soketi za sebuleni na kila kitu kimechomolewa, halafu kitaa cha mita ya 1000 kikamweka kila sekunde 12, kuna wati 300 zinaenda mahali usipopaona. Hizo ni uniti 7 kwa siku.

Katika nyumba zenye hita ya maji, hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 22 hadi 60 hula uniti 2.2 hivi. Hilo linavumilika. Hatari ni bomba la maji moto linalovuja polepole. Weka kikombe chini ya bomba linalodondosha, pima kwa dakika kumi. Ukipata nusu lita, hiyo ni lita 72 kwa siku, na hita inapasha lita 72 mpya badala yake: uniti 3 kila siku, zaidi ya 90 kwa mwezi, kwa sababu ya mpira wa bomba uliochakaa. Kagua pia vali ya usalama iliyo kwenye tangi lenyewe, ile ambayo bomba lake hutokea nje ukutani. Ikitiririsha maji moto hata wakati hakuna anayeoga, vali imechoka au thermostati imekwama na maji yanachemka bila kukoma. Iliyokwama haifai kusubiri mwisho wa mwezi. Zima hita siku hiyo hiyo.

Friji nzima hunguruma, kisha hupumzika. Ichunguze kwa saa moja. Isipopumzika kabisa, bana noti kwenye mlango uuvute: ikiteleza bila kushikwa, mpira wa mlango umekufa. Mpira ukiwa mzima, safisha vumbi la koili za nyuma, uisogeze friji mbali na ukuta kama upana wa kiganja. Ikiendelea hivyo hivyo, huenda gesi imepungua. Friji ya wati 120 isiyopumzika hula karibu uniti 3 kwa siku. Inayopumzika vizuri hula nusu ya hapo au chini yake.

Wafugaji wa vifaranga, angalieni balbu. Ile nyekundu ya wati 250 ikiwaka mchana na usiku ni uniti 6, na wengi huwasha mbili. Pampu ya maji ikinguruma usiku kila baada ya dakika chache huku mabomba yamefungwa, kuna maji yanayovuja. Rekebisha bomba, pampu haina kosa. Dekoda ya wati 15 isiyozimwa hula uniti 11 kwa mwezi, karibu robo tatu ya zile 15 za bei nafuu. Pasi na birika ni rahisi kuhesabu: zidisha wati kwa saa ulizotumia, gawanya kwa 1,000.

Kuna mlaji mwingine ambaye si kifaa: umeme unaovuja kwenda ardhini. Dalili zake ni bomba au mlango wa friji unaokutekenya vidole, na matumizi yanayopanda msimu wa mvua kisha kushuka jua likirudi. Mara nyingi ni waya uliofukiwa kwenda kwenye taa ya geti, au soketi ya nje iliyoingia maji. Ampea 2 zikivuja ni wati 480, uniti 11 na nusu kwa siku, na mtu anaweza kufa hapo. Zima breka ya upande huo, usiiguse tena, ita fundi mwenye kibali cha ERA apime nyaya kwa mega, kifaa cha kuonyesha kama waya unavujisha umeme.

Kwenye mizigo (safu za vyumba vya kupanga) yenye mita moja, zimeni vyumba vyote kwa makubaliano, kila mtu akiwepo, kisha washeni chumba kimoja kimoja mkihesabu mimweko pamoja. Ugomvi hupungua namba zinapoonekana na wote. Mkikuta waya usio na mwenyewe, mwiteni mwenye nyumba auone kabla haujakatwa.

Ikiwa mita ilimweka swichi kuu ikiwa chini, usivunje lakiri yake kwa namna yoyote. Ni kosa la jinai, na utabeba wewe lawama. Piga video fupi inayoonyesha swichi iliyozimwa na kitaa kikimweka, andika namba ya mita, tarehe, saa na uniti ulizosoma, kisha upeleke UEDCL pamoja na lile daftari la siku saba. Omba mita yako ipimwe, na usiondoke bila namba ya malalamiko.