Somo: Siku moja Windsor, na kijana wa Kihabeshi aliyezikwa kwa wafalme

Salaam ndugu zangu. Wengi mnaoishi London, Reading na Slough mnaniuliza jinsi ya kuwapeleka watoto Kasri la Windsor kwa siku moja bila kuchoka wala kupoteza hela. Nimeshakwenda mara nne. Naeleza hatua kwa hatua, lakini nawaomba msiondoke bila kuliona bamba moja la shaba lililomo kanisani. Mimi huenda kwa ajili yake.

Hatua ya 1: Siku. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Jumanne na Jumatano kasri hufungwa. Jumapili liko wazi, ila Kanisa la Mtakatifu George siku hiyo ni la ibada tu, watalii hawaingii. Mara yangu ya kwanza nilikwenda Jumapili na wanangu wawili, nikalipa tiketi nzima, nikafika mlangoni mwa kanisa nikakuta njia imefungwa. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Basi chagueni Alhamisi au Jumamosi. Siku hizo mara nyingi walinzi nao hubadilishana zamu saa tano asubuhi, mvua isiponyesha sana. Angalieni kalenda kwenye tovuti ya kasri kwanza, kwa sababu pakiwa na shughuli ya kifalme ratiba hubadilika.

Hatua ya 2: Tiketi. Nunueni mapema mtandaoni, ni nafuu kuliko mlangoni. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi.

Hatua ya 3: Treni. Njia ni mbili. Ukitokea Paddington, unashuka Slough na kupanda kitreni kifupi cha dakika kama sita hadi Windsor & Eton Central. Ukitoka stesheni, ukuta wa kasri uko mbele yako. Ukitokea Waterloo hubadilishi treni, ila ni kama saa nzima, na stesheni yake ya Riverside iko chini mtoni, kwa hiyo utapanda kilima kidogo. Mwenye watoto wadogo au mzee apite Slough.

Hatua ya 4: Ndani. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi. Fikeni mapema, maana mnakaguliwa mifuko kama uwanja wa ndege. Ukiingia tu utauona Mnara wa Mviringo juu ya kichuguu chake. Kichuguu hicho kilijengwa na watu wa William Mshindi baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066, na ngome yao ya kwanza ilikuwa ya miti. Mawe yalikuja baadaye. Tangu hapo wafalme hawajapahama.

Vyumba vya kifalme msivikimbilie, lakini msikae humo siku nzima. Katika Ukumbi wa Mtakatifu George inueni macho mtazame dari. Tarehe 20 Novemba 1992 moto ulianzia kwenye kanisa dogo la ndani, taa kali ikaunguza pazia, ukawaka kwa saa 15 na kuharibu vyumba zaidi ya 100. Dari mnaloliona ni la mwaloni mpya, kazi iliyokamilika mwaka 1997. Watoto watataka kuiona nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary ya mwaka 1924. Kila kitu ndani yake ni sehemu moja ya kumi na mbili ya ukubwa halisi, na bomba linatoa maji kweli. Binti yangu aliganda pale hadi foleni ikaanza kunung'unika.

Hatua ya 5: Kanisa. Nendeni kabla ya saa tisa na nusu, kwa sababu mlango hufungwa mapema kuliko kasri. Lilianza kujengwa mwaka 1475. Humo amelala Henry wa Nane, na pembeni kuna jiwe jeusi lenye majina ya George wa Sita na Elizabeth wa Pili. Wakenya mtaikumbuka habari hiyo: usiku George alipofariki, Februari 1952, bintiye Elizabeth alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti kule Nyeri. Alipanda juu ya mti akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia, naye hajui.

Sasa waulizeni wahudumu liko wapi bamba la Alemayehu. Watawaonyesha. Ni dogo, liko ukutani. Linasema karibu na hapo amezikwa mwana wa mfalme wa Uhabeshi (Ethiopia ya leo), aliyezaliwa Aprili 1861 na kufariki Novemba 1879, na kwamba Malkia Victoria ndiye aliyeliweka. Chini yake kuna maneno ya Mathayo, yale ambayo Biblia yetu inayasema hivi: "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha."

Mtoto huyu hakuja kutembea. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza lilivamia ngome ya Maqdala. Baba yake, Mfalme Tewodros wa Pili, alijiua asitekwe. Mtoto akachukuliwa akiwa na miaka saba, pamoja na hazina ya nchi, na mama yake akafariki njiani. Alisomeshwa Uingereza, akafariki Leeds kwa ugonjwa wa mapafu akiwa na miaka 18. Mimi nikisimama pale nasoma neno "mkanikaribisha" na koo linakaba. Mgeni hubisha hodi. Huyu alibebwa.

Hatua ya 6: Mjini. Shukeni hadi mto Thames, vukeni daraja la waenda kwa miguu hadi Eton, iliko shule iliyoanzishwa na Henry wa Sita mwaka 1440. Mabata maji meupe ya pale ni wakali wakiona chapati mkononi, washikeni watoto. Mkibaki na nguvu, kuna ile Njia Ndefu, zaidi ya kilomita nne zilizonyooka hadi sanamu ya farasi. Sisi huishia robo yake, tunatandika kanga na kula.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Reading: Kaka, mama yangu anaumwa magoti. Ataweza?
Jibu: Ataweza, dada, ila polepole. Mna miteremko na njia za mawe. Mweleze mhudumu mlangoni, atawaonyesha njia isiyo na ngazi. Na kama una mtoto mchanga, chukua mbeleko, kwa sababu kigari utakiacha mlangoni mwa vyumba vya kifalme.

Bi. mmoja wa Leicester: Sisi Waislamu tunaruhusiwa kanisani na hijabu zetu?
Jibu: Bila shida, bibi. Hakuna anayekuuliza dini. Wanaume tu ndio huombwa kuvua kofia.

Kijana wa Slough: Utajuaje kama Mfalme yumo?
Jibu: Tazama bendera juu ya Mnara wa Mviringo. Ikiwa ni ile ya kifalme yenye simba, yumo. Ikiwa ni ya taifa, hayumo.

Mama wa watoto watatu: Tiketi ni ghali kwetu. Hakuna njia nyingine?
Jibu: Ipo, mama. Jioni nyingi, baada ya saa kumi na moja, kuna ibada ya nyimbo kanisani, na anayekuja kusali haingii kwa tiketi. Hutazunguka kama mtalii, lakini utakaa ndani na kuisikia kwaya. Hakikisha saa yenyewe kwenye tovuti yao.

Mzee wa Birmingham: Kwa nini hawamrudishi kwao huyo kijana?
Jibu: Wahabeshi wameomba, mzee wangu. Rais wao aliomba mwaka 2007. Mwaka 2023 ikulu ya Uingereza ilijibu kwamba hawawezi kumtoa bila kuwasumbua wengine waliozikwa hapo. Mimi siridhiki na jibu hilo. Mtoto aliyetengwa na mama yake anastahili kulala kwao.

Dada wa Reading: Tunakwenda Jumamosi hii. Niwaambie nini watoto pale kwenye bamba?
Jibu: Bamba limeandika jina lake "Alamayu". Wafundishe kulitamka sawasawa kwa sauti: Alemayehu. Kwa Kiamhara maana yake ni "nimeiona dunia".