Vipande vya mtihani wa muziki: fuata besi

Kama mna vipande maalumu vya mtihani wa nadharia ya muziki, yaani tungo mlizopangiwa kuchambua, usianze kwa kukariri maelezo ya mwalimu. Chukua nakala ya nota, weka namba kwenye kila kipimo (sehemu kati ya mistari miwili ya wima), kisha sikiliza huku kidole kikifuata mstari. Mara ya kwanza fuata melodia tu. Mara ya pili shuka kwenye besi, sauti ya chini kabisa, maana ndiyo hufichua ufunguo (nota kuu na skeli yake ambayo muziki umejengwa juu yake) unapohama, na hapo wengi huteleza. Katika umbo la sonata (mpangilio ambamo dhamira, yaani mawazo makuu ya muziki, hutambulishwa, huendelezwa, kisha hurudi) lenye ufunguo wa meja, kwa mfano, dhamira ya pili kwa kawaida huja kwanza kwenye dominanti, yaani ufunguo wa nota ya tano ya skeli, halafu ikirudi baadaye hukaa kwenye ufunguo wa nyumbani. Tia alama sehemu zote mbili.

Jibu lako litaje vipimo. "Kipimo cha 24, besi inashikilia nota moja" humpa msahihishaji kitu cha kuhakiki. "Muziki una hisia kali" haumpi chochote. Maisha ya mtunzi? Dakika chache zinatosha. Mwishowe funika nota, uimbe besi kwa kichwa. Utakapokwama, rudia hapo hapo.