Jina la khanga mgongoni mwa jaketi

Khanga ya mama ilichanika mji, ile sehemu ya katikati, lakini pindo na jina, yaani maneno yake, vikabaki imara. Kuitupa sikuweza. Jina nikalihamishia kwenye jaketi la jinzi, mtumba wa soko la Karume, Dar es Salaam.

Fua vyote kwanza, khanga isije ikachuja rangi baadaye. Kata jina ukiacha sentimita 1 na nusu kila upande, kunja kingo kwa ndani, piga pasi. Bana kwa pini, kisha mvalishe mtu jaketi utazame kama maandishi yamenyooka. Hapa usiwe na haraka kabisa. Shona kwa mkono, sindano nene, uzi mara mbili, mishono midogo midogo. Cherehani niliijaribu, sindano ikavunjika penye mikunjo ya bega. Shanga za Kariakoo natia chache, kwenye kola tu.