Somo: Kutoka kete hadi ripoti, jinsi maabara inavyoainisha na kutambua dawa za kulevya

Unga mweupe ukiwekwa mezani kwangu maabarani, sijui ni nini. Hata ukiletwa na afande mwenye nyota begani akiapa kwamba ni kokeini, bado sijui. Nisipojihadhari, kiapo chake kitanifanya nione kokeini palipo na unga wa muhogo. Wengi katika kikundi chetu mmeuliza kinachotokea tangu kielelezo kinapoingia maabara hadi ripoti inaposomwa mahakamani. Nimepanga hatua kwa hatua, ila hatua zenyewe hazilingani: kuna ya dakika tano na kuna ya kutwa nzima.

Hapa Uganda kazi hii hufanywa hasa na maabara ya serikali iliyopo Wandegeya, Kampala, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Polisi nao wana kurugenzi yao ya uchunguzi wa kisayansi.

Kabla ya yote: makundi

Ukiuliza "hii ni dawa ya aina gani?" utapata majibu matatu, kutegemea umemuuliza nani.

Mkemia atakutajia asili yake. Bangi na mairungi zinatoka shambani moja kwa moja. Heroini ni chotara: mofini ya utomvu wa mpopi imegeuzwa kwa kemikali. C. R. Alder Wright aliitengeneza London mwaka 1874, na kuanzia 1898 kampuni ya Bayer ikaiuza kama dawa ya kikohozi. Methamfetamini haina shamba, ni ya maabara tupu.

Daktari atakutajia inavyomfanya mtu. Kuna vichangamshi kama kokeini, methamfetamini na mairungi. Kuna vitulizo kama diazepamu. Kuna jamii ya afyuni, yaani mofini, heroini, kodeini na tramadoli. Na kuna zinazoleta maruweruwe kama LSD. Bangi humsumbua daktari kwa sababu inaweka mguu huku na huku.

Mwanasheria atafungua jedwali. Juu kabisa kuna mikataba mitatu ya Umoja wa Mataifa, ya 1961, 1971 na 1988, kisha sheria ya nchi. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, na mairungi ni mfano mzuri. Mmea wenyewe haumo katika mikataba hiyo, lakini kathinoni, kichangamshi kilicho ndani yake, imo katika Jedwali la I la mkataba wa 1971, na kathini, kichangamshi chake kingine kilicho hafifu, imo katika Jedwali la III. Kenya wanaiita miraa na kwao ni zao la biashara. Sisi sheria yetu imeiweka katika mimea inayodhibitiwa. Kifurushi kikivuka mpaka pale Busia hakibadiliki hata chembe kikemia, kinachobadilika ni kesi. Hata sheria yenyewe imeyumba: Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta ile ya awali kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia ilipopitishwa. Walioshtaki walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa mairungi. Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo.

Maabara haisemi mtu ana hatia. Inasema ndani ya bahasha kuna nini.

Hatua ya 1: Kupokea

Natazama lakiri kabla ya kutazama kilichomo. Imekatwa? Sahihi ya aliyeifunga ipo? Namba ya kesi kwenye bahasha inafanana na ya kwenye barua? Kama barua inasema "kete 40" nami nikahesabu 39, kazi inasimama hapohapo na simu inapigwa. Mawakili wazuri hawagombani na mashine. Wanagombana na ile kete moja.

Hatua ya 2: Uzito na sampuli

Uzito unaotakiwa ni wa kitu chenyewe, bila nailoni wala gazeti. Baada ya hapo nachagua za kupima. Vifurushi vikiwa vichache, hadi kumi, napima vyote. Kuanzia kumi hadi mia, vikiwa vinafanana kwa sura, nachukua kumi bila kuchaguachagua. Vikizidi mia, nachukua kipeo cha pili cha idadi: kete 200 zinatoa 14 na kitu, kwa hiyo nachukua 15. Zikiwa na sura mbalimbali, kila sura inahesabiwa kivyake.

Hatua ya 3: Macho, kisha hadubini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, maana haihitaji umeme mwingi. Jani linalodaiwa kuwa bangi naliweka chini ya hadubini. Upande wa juu wa jani kuna vinywele vifupi vilivyopinda kama ukucha wa paka, na kwenye shina la kila kinywele kuna kibonge cha chokaa, kalisiamu kaboneti. Upande wa chini vinywele ni virefu na vyembamba. Kwenye maua utaona vingine vyenye vichwa vya duara kama pini, hivyo ndivyo vinavyobeba utomvu.

Sasa dondosha tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa juu ya vile vya ukucha. Vinatoa povu! Chokaa inaliwa na viputo vinapanda kimoja kimoja. Nimewahi kumwonyesha askari mmoja kijana jambo hilo, akakataa kuondoka kwenye hadubini mpaka chai ikapoa.

Ipo mimea mingine yenye vinywele vya chokaa, kwa hiyo ukucha peke yake hautoshi. Unatafuta vyote pamoja: vya juu, vya chini na vya utomvu. Hata hivyo bado unaendelea na kipimo cha kemikali.

Hatua ya 4: Rangi

Hapa tunatumia kibao cha kauri chenye vishimo. Unga kidogo, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, tone la kitendanishi, yaani kemikali inayobadili rangi ikikutana na dawa, kisha unatazama.

Kitendanishi cha Marquis ni formaldehaidi ndani ya asidi kali ya salfuriki. Kwa heroini na mofini kinatoa zambarau. Kwa amfetamini na methamfetamini kinatoa chungwa linaloelekea kahawia. Kwa MDMA, ile ya vidonge vya ecstasy, kinakwenda karibu na weusi. Kokeini ina kipimo chake cha kobalti thayosainati, na rangi yake ni buluu. Bangi hupimwa kwa njia ya Duquenois-Levine: kitendanishi, asidi, halafu kloroformu. Kloroformu ni nzito, hukaa chini ya neli. Rangi ya zambarau ikishuka na kuingia kwenye tabaka hilo la chini, una jambo la kufuatilia. Ikibaki juu, usiandike chochote cha kufurahisha.

Kila mara kuna vishimo viwili vya ziada: kimoja kina kitendanishi kitupu, kingine kina dawa tunayoijua. Nasema hivi kwa uchungu. Nilipokuwa mgeni kazini nilikiacha kishimo kitupu kwa haraka ya Ijumaa. Kibao hakikuwa kimeoshwa vizuri, unga wa wanga ukawa "heroini" kwa muda wa saa mbili. Mkubwa wangu hakunifokea. Alinipa brashi na sabuni, nikaosha vibao vyote vya idara.

Rangi inasema "huenda". Haijawahi kusema zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Sahani ya silika

Hii ni kromatografia ya tabaka jembamba. Nadondosha nukta ya sampuli na nukta ya dawa inayojulikana chini ya sahani iliyopakwa silika, nasimamisha sahani ndani ya kimiminika kidogo, nacho kinapanda kama chai inavyopanda kwenye mandazi. Kila kitu kinapanda kwa mwendo wake. Nukta ikipanda sentimita 4 wakati kimiminika kimepanda 10, namba yake ni 0.4. Ya sampuli na ya mfano zinapaswa kulingana kwenye sahani ileile. Kwa bangi tunanyunyizia rangi ya Fast Blue, nayo inatenganisha kemikali tatu za mmea huo: THC, ile inayolevya, inakuwa nyekundu, CBD chungwa, CBN zambarau.

Hatua ya 6: Mashine ya kuthibitisha

Gesi kromatografia ina mrija mrefu, mara nyingi mita 30, wenye tundu la robo milimita, umezungushwa ndani ya oveni. Sampuli inageuka mvuke, inasukumwa na heliamu, na vilivyochanganyika vinatoka kimoja kimoja. Kete ya heroini mara nyingi hutoa milima kadhaa kwenye karatasi: kafeini na parasetamoli zilizoongezwa na wauzaji, halafu heroini yenyewe.

Kila kinachotoka kinaingia kwenye spektrometa ya masi, kinapigwa na elektroni, kinavunjika. Vipande ndivyo alama yake. Kokeini inaacha vipande vyenye uzito wa 82 na 182, na molekuli nzima ya 303. Ukiona hivyo vitatu kwa vimo vyake, na muda wa kutoka mrijani unalingana na wa mfano uliopimwa siku hiyohiyo, sasa unaweza kuandika jina.

Lakini hata mashine hii ina mapacha wanaoichanganya. Methamfetamini hutoa kipande kikubwa cha 58. Phentermine, dawa ya kupunguza unene, nayo 58. Efedrini, 58 tena. Hapo muda wa mrijani, au mionzi ya infraredi, ndiyo inayoamua. Infraredi pia hutofautisha kokeini ya chumvi na kokeini ya mawe ya kuvuta, jambo ambalo spektrometa ya masi hailiwezi.

Kanuni ya SWGDRUG, kikundi cha wataalamu kinachoweka viwango vya uchunguzi wa dawa za kulevya, inayofuatwa na maabara nyingi duniani, inagawa vipimo makundi matatu. A ni vinavyoonyesha umbile la molekuli, kama infraredi na spektrometa ya masi. B ni kromatografia na hadubini ya bangi. C ni rangi. Ukiwa na kimoja cha A, unahitaji angalau kingine kimoja cha aina tofauti. Huna A? Basi vitatu, na viwili kati yake viwe vya B.

Hatua ya 7: Ripoti

Jina la dawa, uzito, vipimo vilivyofanywa, nani alifanya. Usafi wa dawa kwa asilimia ukiombwa. Ukurasa mmoja au miwili. Nusu ya muda huishia kusubiri siku ya kuitwa mahakamani.

Maswali ya wanachama

*Konstebo, Arua:* Mwalimu, kile kipimo cha mfukoni kikionyesha buluu njiani, si ninaweza kuandika "kokeini" kwenye hati?

Andika "unga unaoshukiwa". Daifenhaidramini, dawa ya mzio na mafua inayouzwa famasi yoyote, inaweza kutoa buluu. Ganzi ya lidokaini nayo vilevile. Buluu inakupa sababu ya kuleta kielelezo kwetu, basi.

*Mwanafunzi wa sheria, Mbale:* Wakili wa utetezi akisema, "Ulipima 15 tu kati ya 200, hizo 185 unazijuaje?" unajibu nini?

Simjibu kwamba nazijua. Namwambia zilifanana kwa nailoni, fundo, rangi na uzito, kwamba 15 zilichukuliwa bila kuchaguliwa, na zote 15 zilikuwa na heroini. Halafu namkumbusha zilizobaki bado zipo chini ya lakiri, akitaka mtaalamu wake aje apime. Mpaka leo sijaona aliyekuja.

*Nesi, Kasese:* Dada, mgonjwa wetu mkojo wake ulionyesha jamii ya afyuni, naye anaapa alikunywa dawa ya kikohozi tu. Anadanganya?

Si lazima. Kodeini ya kwenye dawa ya kikohozi hugeuka kwa sehemu kuwa mofini mwilini, na kile kijiti cha mkojo hakitofautishi. Omba maabara itafute 6-asetilimofini. Hiyo inatokana na heroini, kodeini haiitoi. Ila huondoka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja, kwa hiyo isipoonekana haimwondolei shaka wala haimtii hatiani.

*Mama wa watoto watatu, Wakiso:* Nimekuta vidonge mfukoni mwa kijana wangu. Nikionja kidogo kwa ulimi nitajua?

Hapana, mama, tafadhali usionje wala usinuse. Yale ya ulimi kufa ganzi ni ya kwenye filamu. Tazama alama iliyochongwa kwenye kidonge, andika herufi na rangi, kisha mpelekee mfamasia unayemwamini. Na kwanza muulize mtoto mwenyewe, huenda akakujibu.

*Konstebo, Arua:* Samahani mwalimu, moja tena. Mairungi tunayokamata huku, mpaka gari lifike Kampala ni siku nne. Tunafunga kwenye nailoni ili isikauke.

Ndivyo inavyoharibika, afande. Niliwahi kupokea fungu kama hilo kutoka kituo kimoja cha mbali: nailoni imejaa jasho, majani meusi yanateleza kama mrenda. Kathinoni haikuwapo tena, ilikuwa imegeuka kathini iliyo hafifu, na hati ya mashtaka ilikuwa imetaja kathinoni. Mabadiliko hayo huanza ndani ya siku mbili tatu tangu kuvunwa. Kama mna friza, gandisheni. Kama hamna, tandazeni vichipukizi kivulini siku hiyohiyo vikauke upesi, halafu viingie kwenye bahasha ya karatasi.

*Konstebo, Arua:* Bahasha ya kaki ya kawaida?

Hiyohiyo. Na tarehe ya kukamata iandikwe kwa juu kabla hamjaweka kitu ndani, kalamu isije ikatoboa.