Namna ya Kuhakikisha Anayekuomba Pesa kwa Simu Ni Yeye Kweli

Yeyote anayeishi Nairobi amewahi kupokea ombi la pesa la dharura: mtoto ameugua katika shule ya bweni, ndugu amegongwa na bodaboda, mgonjwa anasubiri kulazwa na hospitali inadai malipo ya kwanza. Matapeli wameyaiga maombi hayo kwa arafa miaka mingi, nasi tukajenga mazoea ya kutotuma chochote hadi tusikie sauti ya mhusika mwenyewe. Mazoea hayo hayatoshi tena. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo wa akili unde (AI) uitwao VALL-E, ambao uliweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikia sekunde 3 tu za maneno yake, na Machi 2024 kampuni ya OpenAI ikaonyesha mfumo wake uliohitaji sekunde 15. Kampuni zote mbili zilisita kuiachilia mifumo hiyo kwa umma zikihofia udanganyifu, lakini programu nyingine za namna hiyo zinapatikana kwenye intaneti, baadhi yake bila malipo.

Kwa hiyo, acha kulitegemea sikio. Wapo wanaofundisha kutambua sauti bandia kwa pumzi zisizosikika, matamshi yaliyonyooka kupita kiasi au maneno yanayokatika ghafla. Sipendekezi njia hiyo, kwa sababu kasoro hizo hupungua kila toleo jipya linapotoka, na kwa sababu simu inayopokewa ndani ya matatu ya Githurai, huku muziki ukivuma na mawasiliano yakikatika, huzificha hata zile zilizosalia. Isitoshe, mzazi anayemsikia mwanawe akilia hana utulivu wa kupima pumzi. Yanayoweza kuthibitishwa ni mawili: njia ambayo ombi limepitia, na jambo ambalo mwombaji halisi peke yake ndiye anayelijua.

Anza na hilo la pili, kwa kuwa linahitaji matayarisho. Kaeni pamoja kama familia, ana kwa ana, mkubaliane neno la siri litakaloulizwa kila mara pesa zinapoombwa kwa dharura. Lisiwe jina la mtoto, shule, kanisa au kijiji mlikotoka, maana hayo yote yanaweza kupatikana kwenye Facebook kwa dakika chache. Lisiandikwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, kwani mtu akiiteka akaunti ya mmoja wenu atasoma kila kitu kilichomo. Ikiwa nyanya au babu hulisahau neno, mchagulie swali badala yake, kuhusu tukio la nyumbani ambalo halikupigwa picha wala kusimuliwa mtandaoni, kwa mfano ni nani aliyeuvunja mtungi wa maji mwaka ule wa kiangazi.

Ugumu mkubwa hapa ni wa adabu, na ningependa tuutazame kwa makini. Katika malezi yetu, kijana anayemwambia mamake athibitishe kwamba ni yeye huonekana amemkosea heshima, na mdogo wa kazi anayemtilia shaka mkubwa wake huonekana mkaidi. Matapeli wanaifahamu haya hiyo na ndiyo wanayoitumia, hivi kwamba sauti wanayopendelea kuiga ni ya yule ambaye kumhoji ni vigumu. Kwa sababu hiyo ruhusa ya kuuliza inapaswa kutolewa mapema na aliye mkubwa. Baba atamke mbele ya wanawe wote, “Hata nikikasirika, niulizeni neno, na nikishindwa kulitaja msitume.” Likisemwa hivyo, anayeuliza hatakuwa amemvunjia mzazi heshima, atakuwa ametii agizo lake. Mwenyekiti wa chama na mkuu wa afisi wanapaswa kutoa tamko lilo hilo kwa mweka hazina na kwa karani wa malipo.

Simu yenyewe ikija, msikilize mpigaji, kisha kata na umpigie kwenye nambari uliyokuwa umeihifadhi tangu zamani. Usirudishe simu kwa nambari aliyokupa sasa hivi. Hata ikiwa jina la ndugu yako limetokea kwenye kioo cha simu, bado piga wewe mwenyewe, kwa kuwa nambari inayoonekana inaweza kughushiwa, ilhali simu unayoipiga huelekea kwa mwenye laini. Tahadhari moja ni muhimu: laini ikiwa imehamishiwa kadi nyingine na wezi, utakayempata ni mwizi. Ndiyo maana neno la siri huulizwa hata baada ya kupiga upya. Ukiambiwa kwamba simu imeharibika na kwamba inatumika ya daktari au ya msamaria mwema, mtafute mtu wa tatu aliye karibu na mhusika, kama vile mwalimu wa zamu, jirani au msimamizi wa ploti anakoishi. Dakika kumi za kutafuta uhakika hazitamzuia mgonjwa kutibiwa ikiwa ombi ni la kweli.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unastahili shaka zaidi ya simu, kwani hutayarishwa polepole, hurekebishwa, na hauwezi kuulizwa swali. Usitume pesa kwa sababu ya ujumbe wa sauti pekee, hata ukiwa umetumwa katika kikundi cha mchango wa matibabu ambamo wengine wameanza kuchanga.

Kabla ya kukamilisha malipo ya M-Pesa, soma jina la mpokeaji linaloonyeshwa. Jina la mtu usiyemjua ni sababu ya kusitisha malipo, hata maelezo yawe mazuri namna gani. Ikiwa pesa ni za hospitali, ipigie hospitali kwa nambari uliyoipata kwao, kisha ulipe kwa nambari yao rasmi ya malipo, si kwa simu ya mtu binafsi.

Wenye biashara wasidhani kwamba video itawaokoa. Mapema mwaka 2024, mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alipokea barua pepe iliyomtia shaka, lakini shaka hiyo ikaondoka alipoingia katika mkutano wa video na kuwaona wakubwa wake wakizungumza. Watu hao wote walikuwa wameundwa kwa akili unde, naye akatuma takriban dola milioni 25 za Marekani. Udanganyifu ulijulikana alipowasiliana na makao makuu, hatua ambayo ingefanywa mwanzoni ingezuia hasara yote. Afisi ya watu wanne pale River Road inaweza kuweka kanuni kwamba malipo yanayozidi kiasi fulani huidhinishwa na watu wawili, na mmoja wao lazima awe amempigia mwombaji.

Kupunguza rekodi za sauti yako mtandaoni kunasaidia kidogo tu. Mhubiri, mwalimu au mfanyabiashara hawezi kunyamaza. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitaja data za utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, yaani zile za maumbile zinazomtambulisha mtu, na malalamishi huwasilishwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ikiwa tayari umetuma, haraka ndiyo itakayokufaa. Tuma ule ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha malipo kwa 456 ili uombe yarejeshwe, kwani yakishatolewa kwa wakala itakuwa vigumu kuyapata, na utume nambari ya tapeli kwa 333. Usifute rekodi za simu, arafa wala ujumbe wa sauti, hata kama vinakutia uchungu. Piga ripoti katika kituo cha polisi na udai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kwa kuwa ulaghai wa aina hii ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao. Kisha mpigie yule ambaye sauti yake iliigwa, kabla ya usiku kuingia, ili awaarifu jamaa na wenzake wengine, maana anayemiliki nakala ya sauti hiyo huenda anaendelea kuwapigia simu wengine wanaomfahamu mwenye sauti.