Somo: Kujalidi Riwaya za Upelelezi kwa Ngozi kwa Ajili ya Maktaba ya Mkusanyaji

Riwaya nyingi za upelelezi za Kiswahili zilizotamba katika miaka ya 1970 na 1980 zilichapwa kwa karatasi ya bei nafuu, zikabandikwa mgongoni kwa gundi badala ya kushonwa, kisha zikavishwa jalada jepesi lenye picha. Anayetaka kuzivisha ngozi na maandishi ya dhahabu ana haki ya kutaka hivyo, kwa maana vitabu hivi vinastahili heshima. Hata hivyo ninashikilia kwamba jalada la fahari halina maana ikiwa kurasa zitaendelea kuchomoka ndani yake, na ndiyo sababu somo hili litakaa mgongoni kuliko kwenye dhahabu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua nakala. Kunja kidogo pembe ya ukurasa mmoja. Ikikatika mara moja, karatasi imekwisha nguvu, na kitabu hicho kitengenezewe sanduku tu. Vivyo hivyo kwa toleo la kwanza ambalo ni adimu, kwa mfano *Mzimu wa Watu wa Kale* la mwaka 1960: lisifumuliwe hata mwenye nalo akisisitiza, kwani thamani yake imo katika hali yake ya asili.

Hatua ya pili ni kufumua. Gundi ya zamani mara nyingi hulainika kwa joto la draya ya nywele, nawe utaibandua polepole kwa kisu butu, huku ukilihifadhi jalada la picha likiwa zima. Usipeleke kurasa kwenye mashine ya kukatia karatasi ili kupunguza upande wa mgongo, kwa sababu nafasi ya ndani katika riwaya hizi ni finyu na maneno yatamezwa.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ni kujenga mgongo. Zipange kurasa sawasawa, zibane kwenye jiliwa kati ya mbao mbili, kisha uzilaze upande mmoja kama bunda la noti linapohesabiwa, ili kila ukurasa utokeze chini ya milimita moja, upake gundi ya PVA ya vitabu, yaani gundi nyeupe inayobaki nyumbufu ikikauka. Zilaze upande wa pili, upake tena, ndipo uzisimamishe na kuzibana. Kwa njia hii gundi inashika ukingo wa kila karatasi pande zote mbili, na kitabu kinafunguka bila kupasuka. Ikikauka, kata vifereji vya kina cha milimita 2 kwa msumeno mdogo, laza humo uzi wa kitani uliopakwa gundi, na ufunike mgongo kwa shashi, yaani kitambaa chepesi. Hapa Arusha, katika baridi ya Juni na Julai, kiache chini ya uzito kwa siku mbili. Gundi nyeupe ya maseremala iachiwe kazi za mbao. Kwenye kitabu inakuwa ngumu mno na mgongo unavunjika.

Kadibodi iwe ya milimita 2, izidi kurasa kwa milimita 3 pande tatu, na nyuzi zake zielekee sambamba na mgongo, la sivyo jalada litapinda.

Ngozi inahitaji uangalifu zaidi. Tafuta ya mbuzi iliyotengenezwa kwa maji ya magome, kama yale ya miwati inayolimwa Njombe. Ngozi ya viatu kwa kawaida hutengenezwa kwa chumvi za kromu. Ni imara, lakini haishiki vizuri alama ya muhuri wa moto unaochapa maandishi ya dhahabu. Kwa hiyo hata Moshi, ambako Karanga kuna kiwanda cha viatu vya ngozi, muulize muuzaji ilitengenezwaje. Punguza unene wa kingo kwa kisu cha fundi viatu hadi karibu nusu milimita, paka uji wa unga wa ngano uliopoa upande wa ndani, iache inywe, paka mara ya pili, kisha uivute juu ya kadibodi.

Dhahabu huja mwisho, baada ya kujaribu joto la muhuri kwenye kipande cha ngozi kilichobaki. Jalada la picha la awali libandikwe nyuma ya kurasa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo, mwalimu. Nakala yangu imepoteza kurasa nne. Naweza kuweka za kurudufu? (Mwanachama, Himo)*

Marahaba. Kwanza tafuta nakala nyingine mbovu ya toleo hilohilo uazime kurasa zake. Ukishindwa, ziweke za kurudufu na uandike wazi kwa penseli kwamba si za asili. Kurudufu kitabu kizima na kukiuza ni jambo jingine kabisa, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi.

*Wakati wa masika ngozi inaota ukungu. Nifanyeje? (Mwanachama, Pasua, Moshi)*

Toa kitabu nje kwenye kivuli chenye upepo, kiache kikauke, kisha pangusa kwa brashi laini. Usikifunge kwenye nailoni, na rafu isiguse ukuta. Kagua pia mende, maana wanaupenda uji wa ngano.

*Mteja anataka kingo za kurasa zikatwe na kupakwa dhahabu. (Mwanachama, Sakina)*

Mkatalie kwa adabu, ndugu yangu. Kila milimita inayokatwa hairudi, na karatasi hii laini hainyooki vya kutosha kuishika dhahabu. Mpendekezee sanduku lililotandikwa kitenge, ambalo litazuia mwanga na vumbi visifike kwenye kingo hizo.