Simu ilale sebuleni

Wazazi wenzangu wa Dar, mtoto akiamka kwenda shule macho mekundu, angalia simu yake inachajiwa wapi. Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa anaificha chini ya mto. Saa saba usiku mwanga unapenya kwenye chandarua, anahesabu laiki. Sasa ikifika saa tatu simu zote, hata yangu, zinakaa sebuleni juu ya friji.

TikTok tangu 2023 imewawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, ila mtoto akiingiza namba ya siri anaendelea. Na kama alidanganya umri, hakimhusu kabisa. Muulize kwa upole alijaza mwaka gani.